Kiangazi cha Dimbwi la Chidala

Sechelela Mhuli alipanda ngazi ya chuma iliyoegemea nguzo, birika la chai mkononi, akafunua kifuniko cha kipima mvua na kumimina maji taratibu mpaka yakagusa alama ya kumi na nane. Akasubiri. Taa ndogo ya kijani ikawaka mara moja, ikazimika. Mashine imesadiki. Akashuka haraka, akalitia birika kikapuni, akalifunika kwa khanga.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na robo alasiri, na kijiji kizima cha Msagalile kilikuwa kinalowa. Mvua iliyapiga mabati ya shule, ikawafukuza mbuzi barabarani, ikajaza mifereji ya mashamba ya mpunga. Lakini pale aliposimama yeye, kando ya dimbwi la Chidala, jua liliwaka na vumbi lilikuwa vumbi. Angeweza kunyoosha mkono akaugusa ukingo wa mvua, jinsi mtu anavyogusa pazia la mlangoni. Na pazia hilo alilitundika yeye mwenyewe, bila kumwambia mtu.

Ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu matiara yapandishwe juu ya bonde la Bahi. Yalikuwa saba, kila moja pana kuliko kiwanja cha mpira, yamefungwa ardhini kwa nyaya za chuma. Ngozi zake zilikunywa jua kutwa nzima na kuutia umeme mvuke wa angani, matone yakaungana, yakawa mazito, yakaanguka. Ofisini, mashine waliyoiita Mizani iligawa mvua hiyo katika vipande thelathini na viwili vya ardhi, kila kipande sawa na mwenzake, Jumanne na Ijumaa, mwaka mzima. Sechelela alikuwa fundi wa zamu. Kazi yake ilikuwa kuyageuza matiara upepo ukibadilika na kuhakikisha hakuna anayepunjwa. Kwa sababu hiyo watu walimwachia nafasi ya mbele kila mkutano, na watoto walimwamkia kutoka mbali.

Dimbwi la Chidala lilikuwa ndani ya kipande namba tisa. Hakuna aliyelitumia. Ng'ombe walinywa kwenye birika la saruji karibu na josho, na maji ya nyumbani yalitoka bombani. Lilikuwa dimbwi la tope tu, lenye kambare wachache na matete.

Halafu, mwezi wa tano mwaka huo, alikuja Daktari Wankyo Marwa, mtafiti wa samaki, mwanamke mrefu mwenye buti zilizochakaa, akachota ndoo ya tope kutoka chini ya dimbwi hilo na kuichuja siku nzima kwa chekeche la unga. Jioni alimwita Sechelela aangalie kwenye kioo cha kukuzia.

"Unaona nini?"

"Mchanga."

"Angalia tena. Ile punje ya duara."

Sechelela aliangalia. Punje ilikuwa kama mbegu ya ulezi, inang'aa kidogo, na ndani yake kulikuwa na uzi mwembamba uliojikunja.

"Hilo ni yai la samaki-mvua," Daktari alisema. "Huyo ndani yupo hai, ila amesimama. Moyo haupigi. Anasubiri."

Sechelela alimkumbuka samaki-mvua. Kabla ya matiara, mvua za kwanza zilipolijaza Chidala, walikuwa wanatokea kama waliomwagwa kutoka mawinguni, wadogo kuliko kidole cha mwisho, madume yana mkia mwekundu na ubavu wa buluu kama kipande cha kitenge kipya. Hakuna aliyewala. Ungehitaji mia moja kutosheleza kijiko. Watoto waliwatia kwenye bakuli, wakawatazama, wakawarudisha. Kila kiangazi dimbwi lilikauka na samaki wote wakafa.

"Anasubiri nini?" aliuliza.

"Kiangazi. Samaki huyu hutaga kwenye tope, na yai halikui mpaka tope likauke, lipasuke, hewa iingie. Miezi minne mikavu. Hapo ndipo mtoto anakamilika, anaota macho, na maji yakija anatoka saa ileile. Ninyi mmelinyeshea dimbwi hili miaka kumi na miwili bila kupumzika. Mayai yanaoza. Kwenye ndoo nzima nimepata arobaini na moja, na yaliyo hai ni sita."

"Na madimbwi mengine?"

"Nimechimba madimbwi sitini na moja bonde zima. Ni hapa tu." Daktari alifuta kioo kwa pindo la shati. "Mwaka huu yatakauka, au basi. Waambie wenzako kijijini, waombe. Ni kipande kimoja tu cha mvua."

Sechelela alitikisa kichwa kama anayekubali. Lakini alijua watamjibu nini. Hawa ni watu waliozika ng'ombe kwenye mashimo ya pamoja mwaka wa ukame mkuu. Nenda kawaambie wazime mvua, hata ya dimbwi, kwa ajili ya samaki wasioliwa. Basi hakuwaambia. Jumanne iliyofuata aliligeuza tiara la tatu kwa digrii chache tu, kisha akatembea hadi Chidala na birika lake la chai.

*

Shamba lililopakana na dimbwi, ndani ya kipande hichohicho, lilikuwa la Bibi Mbeleje.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye ulimi mkali na sauti iliyobeba kwaya ya kanisa upande wa sauti ya pili. Alilima mtama, maboga na mlenda, na mlenda wake mkavu ulijulikana hadi Manyoni. Sechelela alikuwa amepima vizuri ili ukame uishie kwenye matete. Lakini mwezi wa saba ulikuja na upepo wa kusukuma, tiara la tatu likayumba, na pazia la mvua likasogea hatua mia mbili. Aliliona kwenye ramani ya Mizani. Kulirudisha kulihitaji kuligeuza tiara lote, na dimbwi lingelowa. Akajiambia upepo utatulia wiki ijayo. Haukutulia.

Maboga ya Bibi Mbeleje yalinyauka kwanza. Kisha mtama ukakwama magotini, ukakataa kupanda. Mashamba ya kulia na kushoto yalikuwa ya kijani kibichi, na lake lilikuwa katikati kama kiraka cha gunia.

Hapo maneno yakaanza. Katika kijiji ambacho mvua inagawiwa na mashine isiyojua mjomba wala shemeji, mtu anayekosa mvua atakuwa amefanya nini? Watu walikwenda ofisini kuuliza, na Sechelela akawafungulia takwimu: kipande namba tisa, milimita kumi na nane kila zamu. Wakaziangalia, wakaangaliana, wakaondoka kimya. Alitamani wapige kelele.

Jumapili moja ya mwezi wa nane alikuwa amekaa benchi la nyuma kanisani alipomwona Bibi Mbeleje akiingia kwenye safu ya kwaya. Mwanamke aliyekuwa pembeni akasogea. Yule wa pili naye akasogea, akajifanya anaokota kitabu. Ikabaki nafasi ya watu watatu kila upande, na Bibi Mbeleje katikati yake, vazi lake la kwaya limepigwa pasi vizuri. Wimbo ulipoanza aliimba sehemu yake yote, peke yake, kwa sauti isiyotetereka, na hakuna aliyeitikia naye.

Ibada ilipokwisha, Sechelela alimsikia mama mmoja nje akimwambia mwenzake, "Mvua inaijua roho ya mtu. Inampita yeye tu."

Hakula mchana huo. Alimpigia simu Daktari Wankyo.

"Nikilinyeshea dimbwi sasa hivi, itakuwaje?"

"Imebaki miezi miwili," Daktari alisema. "Wameshaanza kuamka humo ndani. Ukiwalowesha sasa watatoka nusu, bila matumbo, watakufa siku hiyohiyo. Kwa nini? Kijiji kimebadilisha mawazo?"

"Kijiji hakijui."

"Sechelela. Mimi nilikwambia uwaombe."

"Najua ulivyoniambia."

"Sasa yupo mtu anayeumia?"

"Yupo."

"Basi usiniulize mimi kuhusu samaki," Daktari alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu. "Samaki nawajua. Hilo lingine ni lako."

*

Bibi Mbeleje alikuwa anachambua mbegu za maboga uani alipomwona mgeni wake. Hakusimama.

"Mbukwa, Bibi."

"Mbukwa. Karibu, ukikaa usiogope, kiti hakina kitu." Alisukuma kigoda kwa mguu. "Ni wewe wa kwanza kukaa hapo tangu mwezi wa saba."

Sechelela hakukaa. Alijua akikaa atazungukazunguka kwa maneno. "Bibi, mvua haijakukataa. Mimi ndiye niliyeizuia."

Akasema yote, kuanzia ndoo ya tope hadi birika la chai. Alisema bila kujitetea, na kila alipofika mahali pa kujitetea alipapita. Bibi Mbeleje aliendelea kuchambua mbegu mpaka maneno yalipokwisha, kisha akaweka ungo chini.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona?"

"Na birika. Mara nne nimekuona unapanda nguzo ile na kumwagia kitu. Nikasema, huyu mtoto wa Mhuli ananiroga. Halafu nikasema, hapana, Seche? Labda ananiombea, anamwaga maji ya baraka." Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nilikutetea moyoni mwangu, unajua? Nyumbani kwangu hakuna mtu anayekunywa hata maji, na mimi nakutetea wewe."

"Nisamehe, Bibi. Kesho nitaligeuza tiara. Jumanne utapata mvua yako."

"Na hao samaki?"

"Watakufa."

"Wote?"

"Hawapo pengine popote."

Bibi Mbeleje alitazama upande wa dimbwi, ambalo sasa lilikuwa sahani ya udongo uliopasukapasuka. Kuku alipita, akadonoa mbegu mbili, naye hakumfukuza.

"Usiguse kitu kesho," alisema hatimaye. "Kaitishe mkutano. Uyaseme haya mbele ya wale waliosogea kwenye benchi. Ukimaliza kusema, na mimi nitasema."

*

Walikutana kwenye ghala la mpunga kwa sababu ndilo lililotosha. Mwenyekiti wa kijiji, Lameck Chisomo, mtu mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula, alimpa Sechelela nafasi ya kusema akidhani ni taarifa ya matengenezo. Yeye akasimama, akasema yote, kuanzia dimbwi hadi birika.

Kisha kelele zikalipuka. Mwenyekiti alipiga meza mpaka kiganja kikawa chekundu.

Aliyepewa nafasi ya kwanza ni Yoeli Nhonya, mfugaji aliyepoteza zizi zima mwaka wa ukame mkuu. Hakupaza sauti.

"Mimi samaki sina ugomvi naye," alisema. "Nauliza kitu kimoja. Wewe binti ulikuwa umeshika mvua yetu mkononi. Ukaufumba mkono, ukatuonyesha takwimu kwamba uko wazi. Leo ni dimbwi. Kesho fundi mwingine atakuwa na sababu nyingine nzuri kabisa. Nikiamka Jumanne nikaona wingu, nitajuaje kama ni langu?"

Sechelela alikuwa amejiandaa kwa matusi. Swali hilo hakulitegemea, na lilikuwa la haki.

"Hutajua," alijibu. "Ndiyo maana sifai tena kukaa pale."

Alitoa ufunguo wa ofisi mfukoni, akauweka mezani mbele ya Mwenyekiti. Miaka tisa ya kazi, na ufunguo haukutoa hata mlio, maana meza ilikuwa imetandikwa gunia.

"Basi mvua irudishwe leo!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Wengi wakaitikia.

Bibi Mbeleje akasimama. Alikuwa amevaa vazi la kwaya, ingawa haikuwa Jumapili.

"Shamba lililokauka ni la nani?" aliuliza.

Watu wakaangaliana.

"Nauliza, ni la nani? La kwako, Mwenyekiti? La kwako, Mama Lea, uliyekuwa unaokota kitabu kila nikikaa?" Mama Lea aliinamisha kichwa. "Ni langu. Aliyeibiwa mvua ni mimi, na aliyesemwa ni mimi. Kwa hiyo nitasema mimi kwanza nini kifanyike, na ninyi mtaamua baadaye. Huyu Seche amenikosea, na nitamwadhibu. Kuanzia kesho atanibebea maji, ndoo kwa ndoo, kutoka kwenye birika la ng'ombe hadi shambani kwangu, kila siku, mpaka mtama wangu usimame. Bila mashine yoyote. Hilo moja.

"La pili. Mvua ikirudi leo, hao samaki wanakufa. Sasa mimi nimetukanwa mwezi mzima kwa ajili yao. Nimeimba peke yangu kwa ajili yao, bila kuwajua. Na wafe kabla sijawaona? Hapana! Dimbwi likauke mpaka siku yake ifike. Nataka nione hicho kitu nilichotukaniwa."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, na kicheko hicho kilikuwa na aibu ndani yake. Yoeli Nhonya hakucheka, lakini alisema kwamba kama mwenye shamba ameridhia, yeye ana sharti lake. Kioo cha Mizani kitolewe ndani, kitundikwe ukutani nje ya ofisi mahali ambapo hata mtoto anaweza kukisoma, na kila wiki wanakijiji wawili tofauti watembee kwenye vipima vyote na kuangalia kwa macho yao.

Wakapiga kura kwa mikono. Walihesabu mara mbili kwa sababu tofauti ilikuwa ndogo sana. Waliokubali walikuwa wengi kwa kura saba.

*

Ndoo ya lita ishirini ina uzito unaoongezeka kila hatua. Sechelela alijifunza hilo wiki ya kwanza. Wiki ya pili shingo yake ilizoea, na wiki ya tatu alijua kila shina la mtama wa Bibi Mbeleje kama anavyojua vidole vyake. Bibi alikaa kivulini na kumwelekeza. "Lile la pembeni umelisahau. Hapana, hilo umelizamisha, unataka lioge?" Baada ya siku chache alianza kumletea uji saa nne. Baada ya siku nyingine chache Mama Lea alikuja na ndoo yake, hakusema kitu, akaanza mstari wa upande wa pili. Jumapili hiyo benchi la kwaya lilijaa.

Daktari Wankyo alikuja mwisho wa mwezi wa tisa, akachimba bonge la udongo mkavu, akalipondaponda juu ya karatasi. Safari hii watu kumi na tano walipanga foleni kuchungulia kioo chake. Yai lilikuwa limekuwa la kahawia, na ndani yake macho mawili meusi yenye duara la dhahabu yalikuwa yanamtazama kila aliyetazama.

"Linaniona!" Mwenyekiti alisema, akarudi nyuma hatua moja.

"Yapo mangapi kwenye dimbwi zima?" Sechelela aliuliza.

"Sijui. Labda elfu moja, labda ishirini tu. Na yaliyopona yanaweza kuwa yamechoka mno." Daktari alikunja karatasi yake. "Sitakudanganya. Inawezekana tumechelewa."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi. Fundi mpya aliligeuza tiara la tatu mbele ya watu, huku Yoeli akisoma namba kwa sauti kutoka ukutani. Saa kumi mvua ikavuka matete na kuingia Chidala. Udongo ulifoka povu, nyufa zikanywa, zikanywa tena, kisha zikashiba na maji yakaanza kusimama. Sechelela alichuchumaa ukingoni akiwa amelowa mpaka mifupani. Hakuona kitu siku hiyo. Kesho yake hakuona kitu, maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Alikwenda kubeba ndoo zake, akarudi, akaangalia, akaondoka. Siku ya nne Daktari alipitisha wavu wake mara sita na kuutoa mtupu, na hakuna aliyetaka kumwangalia Sechelela usoni.

Siku ya sita tope lilitulia chini na maji yakaonekana. Sechelela alikuwa ananawa miguu baada ya zamu ya ndoo alipoona kivuli chembamba kama unyoya kikikimbia juu ya kisigino chake. Akadhani ni jani. Kikasimama, kikageuka, kikarudi. Ulikuwa uzi wenye macho mawili. Pembeni yake palikuwa na mwingine. Kadiri macho yake yalivyozoea, aliona kwamba maji yote ya kina kifupi, kutoka kwenye miguu yake hadi kwenye matete, yalikuwa yanatikisika kwa nyuzi kama hizo.

Hakupiga kelele. Alikwenda hadi kwenye ua wa Bibi Mbeleje, akamshika mkono, akamleta.

Bibi aliinama muda mrefu, viganja juu ya magoti. "Ndio hawa?"

"Ndio hawa."

"Mbona wadogo hivi?"

"Baada ya wiki tatu watakuwa na rangi. Madume yatakuwa na mkia mwekundu."

"Na wanaliwa?"

"Hawaliwi, Bibi."

"Wanaishi muda gani?"

"Mpaka dimbwi likauke. Miezi michache. Wanataga, wanakufa, na mwakani tutaomba kiangazi kingine."

Bibi Mbeleje alivuta pumzi, akaangalia shamba lake, ambako mtama ulikuwa umetoa masuke madogo, machache, lakini masuke. Akaangalia tena maji. Sechelela alisubiri aseme lolote, hata tusi, maana alijua amelistahili.

Wakati huo bata wanne wa Mama Lea walikuwa wanateremka ukingo wa pili, wamefuatana, wanayumbayumba na kuelekea majini bila wasiwasi wowote. Bibi Mbeleje aliwaona. Alivua kandambili, akakunja khanga yake magotini, na akaenda mbio kuzunguka dimbwi kwa kasi ambayo Sechelela hakuwahi kumwona nayo.

"Tokeni!" alipiga kelele, akirusha kandambili ya kwanza. "Tokeni hapa! Hawa wana wenyewe!"